Strawberry Hill House, Twickenham: nilivyoiona mimi fundi wa dari

"Ba'mkubwa, hilo si jiwe. Ni karatasi."

Binti wa mdogo wangu aliniambia hivyo kwa sauti ya chini tukiwa tumesimama katikati ya ukumbi mrefu wa Strawberry Hill, shingo zetu zote mbili zimepinda kuelekea juu. Nilikwisha kujua. Nimefanya kazi ya dari kwa miaka 26, na dari ya mawe hujitambulisha kwa viungo: lazima uone mahali jiwe moja linapoishia na jingine linapoanzia, hata kama mwashi alikuwa hodari kiasi gani. Pale juu hapakuwa na kiungo hata kimoja. Matao yalichanua kama kipepeo cha kupepea moto, yakakutana, yakaachana, yote meupe na dhahabu, na hakuna jiwe lililombana mwenzake. Ni rojo la karatasi na gundi lililoshindiliwa kwenye kalibu, likakaushwa, likapigiliwa kwenye mbao.

"Basi ni uongo," akasema. Anasomea usanifu wa majengo, na darasani wamefundishwa kwamba jengo lisijifanye kitu ambacho silo. Siku nzima tulibishana juu ya neno hilo moja. Nilipomaliza kuizunguka nyumba nilikuwa na hakika kwamba nimeona mojawapo ya kazi za dari zilizo bora kuliko zote nilizopata kuziona, na ndiyo sababu naandika. Naipa nyota tano. Yeye ametoa tatu, na hoja zake nitazieleza kwa haki.

Nianze nje. Treni inatoka stesheni ya Waterloo, London, na ukishuka kituo cha Strawberry Hill unatembea kwa miguu muda mfupi tu. Nyumba inakutokea ghafla kando ya barabara, nyeupe pe, ina meno ya ngome juu ya kuta, vinara, madirisha yenye ncha na mnara wa duara pembeni. Weupe ule ni wa chokaa. Niliusogelea nikautazama kwa karibu kwa sababu chokaa iliyopakwa vizuri haing'ai kama rangi ya dukani, inanywa mwanga na kuurudisha polepole. Walioikarabati nyumba hii kabla ya kuifungua tena mwaka 2010 walifanya uamuzi wa busara hapo. Mwaka 2004 ilikuwa imeorodheshwa na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, miongoni mwa majengo 100 yaliyo hatarini zaidi duniani, na ukiitazama leo huwezi kudhani.

Mwenyewe alikuwa Horace Walpole, mtoto wa Robert Walpole ambaye Waingereza humhesabu kuwa waziri mkuu wao wa kwanza. Mwaka 1747 aliikodi nyumba ndogo ya kawaida iliyojengwa mwaka 1698, kisha akainunua, na kwa miaka zaidi ya arobaini akaendelea kuiongeza chumba hapa, mnara pale, bila kufuata mchoro mmoja. Wakati ule matajiri wenzake walikuwa wakijenga kwa mtindo wa Kirumi na Kigiriki, nguzo sawa kushoto na kulia, mlango katikati. Yeye alichagua Gothiki, ule mtindo wa matao yenye ncha wa makanisa ya Zama za Kati. Neno lenyewe Gothiki lilikuwa tusi. Maana yake ni kazi ya Wagothi, watu wasiostaarabika. Waliojenga makanisa yale makubwa ya Zama za Kati hawakuwahi kuliita jengo lao hivyo. Walpole akaichukua kazi iliyotukanwa akaingia nayo sebuleni kwake. Miaka 100 baadaye nusu ya Uingereza ilikuwa inajenga hivyo: makanisa, stesheni, shule, mahakama, hata Bunge.

Ukiingia, usitarajie dhahabu. Ukumbi wa ngazi una kiza cha makusudi. Kuta zimefunikwa kwa karatasi ya kijivu iliyochorwa matao na vipenyo vya mawe, umbo lake limetolewa kwenye kaburi la Mwanamfalme Arthur lililo kanisa kuu la Worcester. Ni mchoro tu, ukuta wenyewe ni bapa kama meza, lakini mwanga ni hafifu na jicho linakubali. Juu ya nguzo za ngazi wamekaa paa wa mbao walioshika ngao. Walpole alisema kwamba katika nyumba hii aliota mkono mkubwa wa chuma umewekwa juu kabisa ya ngazi, na kutokana na ndoto hiyo akaandika, mwaka 1764, riwaya ambayo watu huihesabu kuwa mama wa hadithi za kutisha za Kiingereza. Nilisimama kwenye ngazi ya tatu nikatazama juu, nikamwelewa.

Hapa mpwa wangu alianza kuhesabu makosa. Tao la kuchora halibebi kitu. Ngao hazijawahi kwenda vitani. Nilimwambia avumilie, kwa sababu fundi mzuri hakuonyeshi chumba kimoja, anakuonyesha namna chumba kimoja kinavyokuandaa kwa kingine. Kiza hiki kiliwekwa ili macho yako yalegee kabla ya kupanda juu.

Maktaba ndiyo iliyomnyamazisha kwa muda. Makabati ya vitabu yamezunguka kuta zote, na mbele ya kila kabati kuna tao lenye ncha lililochongwa kwa mbao, na matao hayo yana bawaba: unayavuta kama mlango ndipo ufikie vitabu vya pembeni. Umbo la matao lilitoka kwenye mlango wa ndani wa kanisa kuu la zamani la Mtakatifu Paulo, London. Kanisa hilo liliungua katika moto mkubwa wa mwaka 1666. Walpole alizaliwa mwaka 1717. Maana yake hakuuona mlango ule hata siku moja. Aliukuta kwenye picha iliyochapwa kitabuni, akampa seremala wake.

Nilimuuliza mpwa wangu: mlango halisi uko wapi? Akasema umekwisha. Na huu? Akautazama bila kunijibu. Mimi nimebomoa dari nyingi za watu maishani mwangu, mapambo yaliyochukua miezi kuchongwa yakaishia kwenye toroli kwa sababu mwenye nyumba mpya anataka dari tambarare na taa za kuzamisha. Kila mara kabla ya kupiga nyundo nilichukua alama kwa udongo laini, kipande kidogo, nikaweka. Ninayo masanduku mawili ya alama hizo. Kwa hiyo nilipoona kabati la vitabu limebeba umbo la mlango ulioungua, neno uongo halikunijia kabisa.

Meko ya maktaba hiyo yametokana na kaburi la John wa Eltham lililo katika kanisa la Westminster Abbey, London. Nyumba nzima iko hivyo: meko ya chumba kingine yalitolewa kwenye kaburi la Askofu Mkuu Warham kule Canterbury, na ya chumba cha duara kwenye kaburi la mfalme mtakatifu Edward. Hili silipendi, na nitalisema wazi. Umbo lililochongwa kwa ajili ya maiti kupumzika chini yake limewekwa kuni. Najua Walpole aliyatazama kama michoro mizuri tu, na huenda waliojenga makaburi wangefurahi kwamba kazi yao inapendwa, lakini nilipokaribia yale ya maktaba nilijikuta natafuta jina la marehemu.

Sasa turudi kwenye ukumbi mrefu, maana hapo ndipo mtu anapaswa kutumia saa yake. Una urefu wa mita 17 hivi na ulikamilika mwaka 1763. Unatoka kwenye njia nyembamba yenye kiza, mlango unafunguka, na ghafla ni wekundu na dhahabu. Kuta zimevikwa kitambaa kizito chekundu. Upande mmoja ni madirisha, upande wa pili ni vidaka virefu, yaani mashimo ya mapambo yaliyoingia ukutani, na ndani ya kila kidaka kuna kioo kilichofunikwa kwa wavu wa dhahabu, hivyo mwanga wa dirishani unapiga kioo, unavunjika kwenye wavu na kupanda juu darini. Umbo la vidaka nalo lilitoka kaburini, la Askofu Mkuu Bourchier wa Canterbury. Hapo sikuona ubaya, kwa sababu hakuna kilichowashwa ndani yake.

Dari yenyewe imeigwa kutoka upande mmoja wa kanisa dogo la Mfalme Henry wa 7 lililo ndani ya Westminster Abbey, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1503. Nimeiona ile ya mawe pia. Pale kila jiwe limechongwa kwa hesabu ya pembe zake, mawe yanabanana yasianguke, na msukumo wa mzigo huo wote unakwenda pembeni kwenye kuta nzito na viegemeo vya nje vinavyouzuia. Ukiondoa viegemeo, dari inafungua kuta na kushuka. Walpole hakuwa na kuta za namna hiyo. Alikuwa na nyumba ya kuishi, ya kuta nyembamba na sakafu za mbao. Angeweka dari ya mawe pale, ingemzika.

Kwa hiyo mafundi wake walifanya kile ambacho mimi ningefanya. Walichukua kitu chepesi kinachokubali kalibu. Karatasi iliyolowekwa na kupondwa kwa gundi huingia kwenye kona ambazo hata jasi hukataa, na ikikauka ni ngumu, haina uzito, na ikipata mtikisiko haivunjiki vipande kama lipu. Kazi ngumu iko kwenye maungio: kila kipande kinachotoka kwenye kalibu hujikunja kidogo kinapokauka, na ukivipanga kumi kwenye mstari mmoja makosa madogo yanajumlishwa mpaka tao la mwisho halikutani na nguzo yake. Nilitembea toka mwisho hadi mwisho nikitafuta mahali walipodanganya. Mistari inakutana. Mama mmoja wa makamo, miongoni mwa wanaojitolea kuhudumia vyumba, aliona ninavyotazama akaniuliza kazi yangu. Nilipomweleza, alinisogeza kwenye sehemu ambayo mwanga wa dirisha unapita kwa ubavu, ili nione ukingo wa mapambo ulivyo mwembamba. Hiyo ndiyo huduma ninayoitaka mahali kama hapa: mtu anayejua chumba chake na anayekupa muda wako.

Naliandika hilo kwa sababu niliwahi kulipia matembezi ya kikundi mahali pengine, kwa kampuni ambayo sitaitaja, tukapitishwa mbele ya kanisa la miaka 800 kwa dakika kumi huku mwongozaji akisoma simu. Hapa hakuna anayekusukuma. Walpole mwenyewe alikuwa mkali kuhusu jambo hilo. Wageni walipoanza kuwa wengi alitoa tiketi kwa masharti: kundi moja tu kwa siku, watu wasiozidi wanne, watoto hawaruhusiwi, na ni miezi ya Mei hadi Oktoba. Leo wanaingia watu zaidi ya hao, na watoto tuliwaona, lakini ile nia ya kumwacha mtu aone bado ipo.

Chumba cha duara mnarani kina kitu kilichonishika kuliko vyote, na nahofia wengi hukipita. Ni yale meko niliyoyataja, yaliyochorwa na mbunifu Robert Adam kwa kufuata kaburi la Edward. Ni marumaru nyeupe iliyotiwa mapambo ya rangi ya skaliola. Kwa wasiojua: skaliola ni jasi safi inayokandwa kwa maji ya gundi na rangi mpaka iwe kama unga wa maandazi, inatandazwa au kujazwa kwenye mifereji iliyochongwa, ikikauka inasuguliwa kwa jiwe laini, inajazwa vitundu, inasuguliwa tena, mara nyingi, hadi ing'ae kama marumaru. Wataliano waliibobea. Mimi nimeifanya mara tatu tu maishani na mara mbili iliniharibikia, mshipa wa rangi ulitawanyika kabla haujakaza. Pale mistari ni kama imekatwa kwa wembe. Nilipiga goti mbele yake. Mpwa wangu alifikiri nimedondosha kitu.

"Nayo hiyo ni bandia," akasema, lakini sasa alikuwa amechuchumaa karibu yangu. Nikamwambia jasi haiigi marumaru kwa sababu fundi ni mwizi. Marumaru haikupi rangi unayoitaka mahali unapoitaka, jasi inakupa. Ni kazi yenye ustadi wake, na huyu aliyeifanya alijua kwamba atakayeielewa ataipenda zaidi akishajua ni jasi.

Nimwekee na yeye hoja zake, kwa sababu si za kitoto. Anasema ukizoea kubandika umbo la zamani juu ya kitu kingine, unasahau umbo lile lilitokea kwa sababu gani. Tao lenye ncha lilikuwa jibu la swali: namna ya kupeleka mzigo chini kwa ukuta mdogo na dirisha kubwa. Ukilichora ukutani umechukua jibu ukaacha swali. Hivyo ndivyo alivyofikiri Pugin, mbunifu aliyezaliwa mwaka 1812, ambaye alipigania Gothiki kwa moyo wake wote na kuchukia Gothiki ya lipu na karatasi. Kwake pambo lilipaswa kuota kutoka kwenye ujenzi wenyewe, na dari kama ya Strawberry Hill ilikuwa mchezo wa matajiri.

Kwa hiyo kesho yake tulikwenda Westminster, tukalitazama Bunge. Kasri la zamani liliteketea tarehe 16 Oktoba 1834, na masharti ya shindano la kulijenga upya yalitaka mtindo wa Gothiki au wa enzi za Elizabeth. Charles Barry alishinda, na Pugin akamchorea mapambo, toka vigae vya sakafuni hadi vitasa vya milango. Ni kazi kubwa, na ukiitazama kutoka ng'ambo ya mto inakuondoa maneno. Mpwa wangu alikuwa na furaha: jiwe ni jiwe.

Ni jiwe kweli, jiwe la chokaa la Anston, na lilianza kuliwa na moshi wa makaa wa London kabla hata jengo halijakamilika. Karne iliyofuata sehemu kubwa ya uso wake ilibidi ibadilishwe kwa jiwe la Clipsham. Na paa lake lina vigae vya chuma cha kalibu, kwa sababu baada ya moto ule watu waliogopa mbao. Walifanya vyema. Lakini hakuna hata mmoja wa Zama za Kati aliyeezeka kwa chuma hicho. Kila kizazi kilichorudi kwenye Gothiki kilirudi na vifaa vya siku zake: Walpole na karatasi yake, Barry na chuma chake. Sioni kwa nini chuma kisamehewe, karatasi ihukumiwe.

Hapo ndipo tulipofikia. Hakukubali, ila aliacha kutumia lile neno.

Machache kwa anayepanga kwenda. Nyumba haifunguliwi kila siku, hivyo tazama siku zao na ukate tiketi mapema. Ujue pia kwamba vyumba vingi havina vitu vingi: mkusanyiko wa Walpole uliuzwa kwa mnada mwaka 1842, mnada uliochukua siku 24, na picha, vyombo na silaha zake zikatawanyika duniani. Wapo watakaoona vyumba vimepwaya. Mimi nilishukuru, maana hakuna kabati linalokuzuia kuona kuta. Katika chumba kidogo kiitwacho Tribune, alimoweka vitu vyake vya thamani zaidi, inua macho utazame nyota ya kioo cha njano katikati ya dari; tulifika wingu likiwa limepita, na chumba chote kikawa cha rangi ya asali. Vipande vya vioo vya kuchorwa vilivyonunuliwa kwa mamia kutoka Flanders vimetiwa madirishani nyumba nzima, na vingine ni vya kuchekesha, wakulima na ndege na nembo za watu waliosahauliwa. Upanuzi uliofanywa na Lady Waldegrave, mmiliki wa baadaye, miaka ya 1860 ni mkubwa na wa kifahari zaidi. Tuliutazama kwa nje tukaendelea.

Nenda mchana wenye jua, si asubuhi yenye ukungu. Vidaka vile vya dhahabu havifanyi kazi bila mwanga. Vaa viatu visivyopiga kelele. Na ukifika ukumbi mrefu usisimame mlangoni kupiga picha, nenda moja kwa moja hadi katikati, ndipo uinue uso.

Ndani ya treni ya kurudi Waterloo mpwa wangu alifungua daftari akachora tao moja la ile dari, akaandika pembeni: karatasi, gundi, mbao, dhahabu. Kisha akaniuliza jasi ya skaliola inakandwa kwa gundi kiasi gani. Tumetengeneza ubao wa kwanza juzi, upana wa kiganja, mwekundu wenye mshipa mweupe. Mshipa umetoka mnene mno upande mmoja. Unakauka dirishani, na wa pili tumeshauchanganya.